Kijana anataka kusomea muziki: gharama ni ngapi, na faida iko wapi?



Katika makambi, na katika nyumba za familia zinazowapokea wakimbizi wa ndani, kuna ugomvi unaorudi kila mara matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka. Kijana amepata diploma ya serikali. Ndiye anayepiga kinanda kanisani, na sasa anasema anataka kwenda Kinshasa kusomea muziki. Baba anajibu kwamba muziki si kazi, afadhali uuguzi ao sheria. Mama yuko katikati. Dada anauliza mbona shule yake yeye ilisimama kwa kukosa pesa. Na pesa inayotajwa ni ya shamba lililobaki kijijini. Viongozi wanaitwa usiku kupatanisha, na wengi hawajui waanzie wapi. Sisi tunashauri waanzie kwenye hesabu.

Masomo yenyewe ni haya. Shule kubwa ya serikali kwa mambo ya muziki ni Institut National des Arts, inayoitwa INA, huko Kinshasa. Ilianza mwaka 1967. Inafundisha muziki, michezo ya kuigiza na uongozi wa kazi za utamaduni. Anayeingia anatakiwa kuwa na diploma ya serikali, na masomo ni kwa Kifaransa. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3, na anayetaka masta anaongeza miaka 2.

Wazazi wengi wanauliza minerval tu. Kumbe minerval ni sehemu ndogo. Kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500, na hakuna barabara ya kutegemea, kwa hiyo ni ndege. Nao uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025, msafiri alilazimika kuzunguka kwa gharama zaidi. Kuna chumba, chakula, usafiri wa kila siku mjini, na chombo cha kufanyia mazoezi. Mtoto wa Kivu asiye na ndugu Kinshasa atalipa kila kitu, na atajifunza Lingala sokoni. Tena kuna gharama isiyoonekana: pesa ambayo angeipata kama angebaki akifanya kazi.

Tuchukue mfano. Namba hizi si bei za kweli, kila familia iweke zake. Tuseme kuishi ni dola 100 kwa mwezi: miaka 3 ni dola 3,600. Minerval na karatasi dola 400 kwa mwaka: 1,200. Safari ya kwenda na kurudi mara moja: 600. Jumla 5,400. Na kama kijana alikuwa anapata dola 50 kwa mwezi kwa kushona nguo, miaka 3 ya kukosa hiyo ni 1,800. Basi masomo yamegharimu dola 7,200.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanatazama mshahara ambao mwenye diploma ataupata, na kusema utalipa haraka. Lakini hata bila masomo kijana angepata kitu. Cha kutazama ni tofauti. Kama diploma inamwongezea dola 40 kwa mwezi juu ya alichokuwa akipata, itachukua miezi 180, yaani miaka 15, kurudisha ile 7,200. Kama inamwongezea dola 100, ni miezi 72, miaka 6. Na kama haimwongezei kitu, haitarudi kamwe.

Je, inaongeza? Inategemea kazi gani. Kwenye arusi, kwenye baa, katika orkestra za mjini, hakuna anayeomba kuona diploma, wanasikiliza vidole. Remmy Ongala, mtoto wa upande wa Kindu, alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 bila diploma ya muziki, na akawa jina kubwa pale kwa nyimbo za Kiswahili. Docteur Nico alihitimu mwaka 1957 kuwa mwalimu wa ufundi, na gitaa ndilo lililomjulisha. Kule Kinshasa, orkestra ya simfoni ya Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi. Mwanzoni wapigaji walikuwa wengi kuliko vyombo, ikabidi wapeane zamu. Wengi wao walijifunza humo humo, na wanaishi kwa kazi nyingine ya mchana.

Diploma ina uzito mahali pengine: kufundisha katika shule, kazi katika ofisi za utamaduni, redio na televisheni, miradi ya mashirika, ao kuendelea na masomo ng'ambo. Hizo nafasi ni chache, na mshahara wa serikali mara nyingi unachelewa. Lakini zinadumu kuliko mifuko ya arusi, inayojaa mwezi wa Desemba na kukauka mwezi wa pili.

Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa Desemba 2021. Ni heshima kubwa, na sisi tulifurahi kama wengine. Heshima hiyo hailipi kodi ya chumba. Kinachoweza kulipa ni haki ya mtunzi. Sheria ya mwaka 1986 inamlinda aliyetunga wimbo, awe amesoma ao hapana, na shirika linaloshughulikia haki hizo linaitwa SOCODA. Kijana anayetunga aandike tarehe, majina ya walioshirikiana naye, na nani ana sehemu gani. Tumeona makundi ya vijana yakivunjika kwa wimbo mmoja tu.

Kuna njia fupi pia. Kwa miaka mingi Foyer Culturel ya Goma imefundisha vijana muziki. Kwaya nyingi zina mtu anayejua kusoma nota. Mwaka mmoja wa kujifunza karibu na nyumbani, pamoja na kutengeneza vyombo ao kurekodi sauti, utaonyesha kama kijana ana bidii ao ana hamu tu, kabla familia haijauza kitu. Wengine wanasomea ualimu wa somo lingine na kufundisha kwaya jioni.

Kuhusu msaada: basi ya DAFI, iliyoanza mwaka 1992, inalenga wakimbizi waliovuka mpaka. Aliyekimbia ndani ya Kongo asiuze mbuzi kwa kuitegemea. Na mtu akisema atampeleka kijana Ulaya kama mwanamuziki wa orkestra kwa malipo, mkatae. Kinshasa wanawaita waliosafirishwa hivyo « ngulu », yaani nguruwe, na jina hilo linatosha kueleza wanavyotendewa.

Ndugu viongozi, mkikaa na familia, ulizeni kwanza habari ya shamba. Shamba linalouzwa na mtu aliye kambini linauzwa kwa bei ya njaa, mara nyingi bila ndugu wengine kujua, na siku ya kurudi ndipo mapanga yanapotoka. Pesa ya AVEC ao ya kazi ya kijana mwenyewe inaweza kupotea bila kuzaa vita, shamba, hapana. Kisha mwiteni dada aseme mbele ya wote, wala msimtume kuchota maji wakati huo.

Mkikubaliana, andikeni: nani atalipa, kiasi gani kila mwezi, mpaka lini, kijana atafanya nini kama pesa itakatika mwaka wa pili, na dada atarudi shuleni mwezi gani. Wote waweke sahihi ao kidole. Karatasi ziwe mbili, moja ibaki kwa kijana, na moja kwa dada yake.