Anayetaka sheria ya intaneti aanzie fakilte gani?

Matokeo ya mtihani wa Dola yakishatoka, nyumba nyingi za Uvira huwa na mjadala mmoja: mtoto aende wapi, na minervali itatoka wapi. Siku hizi kuna vijana wanaosema wanataka kusoma sheria ya intaneti na teknolojia, na wazazi wao wanahangaika kutafuta chuo chenye maneno hayo kwenye diploma. Ushauri wangu ni mmoja: msichague chuo kwa sababu ya maneno hayo. Tafuteni fakilte inayofundisha vizuri sheria ya makubaliano, sheria ya ushahidi na mwenendo wa kesi za jinai. Sheria ya intaneti imejengwa juu ya hayo matatu, na asiyeyajua hawezi kuendesha kesi hata moja ya simu.

Chukua mama anayeuza ndakala Kalundu. Mnunuzi wake yuko Baraka. Bei wamepatana kwa WhatsApp, nusu kwa sauti, nusu kwa maandishi. Ujumbe unaingia kwenye simu ukisema pesa imefika, mama anaruhusu magunia yapakiwe. Jioni anakwenda kwenye kabini kutoa pesa, kijana wa kabini anamwonyesha kwamba ujumbe ule ulitoka kwa namba ya mtu wa kawaida, haukutumwa na kampuni ya simu, na akaunti haina kitu. Kesho yake mama yuko parke, simu mkononi. Avoka wake atasema nini?

Atakuta sheria tatu zimepandana. Ya chini kabisa ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu makubaliano, ambayo bado inatumika Kongo. Hiyo inadai maandishi kwa makubaliano yanayozidi faranga 2,000, kiasi ambacho leo hakifiki hata dola moja. Mwanafunzi anayeishia hapo atamwambia mama hana kesi. Lakini tarehe 12 Septemba 2012 Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria ya OHADA ya biashara inasema kwamba dhidi ya mfanyabiashara mambo ya biashara huthibitishwa kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Kwa hiyo ikiwa mnunuzi naye ni mfanyabiashara, mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kuwekwa mbele ya jaji. Juu ya hizo mbili ikaja Sheria ya Numeriki, tarehe 13 Machi 2023, inayoipa hati ya kielektroniki nguvu sawa na karatasi, ila kwa masharti: aliyeiandika aweze kutambulika, na hati iwe imetunzwa bila kuchezewa. Sharti hilo la pili ndilo linaloangusha watu. Mama akifuta mazungumzo ili simu ipate nafasi, akabaki na picha ya skrini tu, upande wa pili utauliza picha hiyo ilitengenezwa na nani.

Mwalimu mzuri huzifundisha sheria hizo tatu pamoja, kwa mfano kama huo. Anayekariri vifungu vya mwaka 2023 peke yake anawapa wanafunzi dari isiyo na kuta.

Upande wa jinai uzito wake ni mkubwa zaidi, kwa sababu hapo mtu anapoteza uhuru. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Mashtaka yalihusu barua iliyosemekana ni ya idara ya ujasusi ANR, juu ya kuuawa kwa mwanasiasa Chérubin Okende. Upande wa mashtaka ulidai kwamba Bujakera ndiye aliyeisambaza wa kwanza kwenye Telegram, na kwamba metadata za picha zinaonyesha hivyo. Watetezi wake walijibu kwamba madai hayo hayasimami kiufundi. Alihukumiwa miezi 6 na akatoka gerezani tarehe 19 Machi 2024, akiwa ameshakaa ndani zaidi ya muda huo. Mimi naona kesi hiyo ingepaswa kusomwa katika kila fakilte ya sheria nchini, kwa kuwa swali lake kubwa lilikuwa la ushahidi: mtaalamu wa serikali akisimama kortini na kusema simu fulani ndiyo chanzo, avoka atampinga kwa maswali gani? Avoka asiyejua anwani ya IP ni kitu gani, na metadata hufutika wakati gani, atakaa kimya huku mteja wake akirudishwa gerezani.

Sasa tuje kwenye vyuo. Uvira yenyewe ina vyuo vikuu, na kwa familia nyingi hilo ndilo linalowezekana. Bukavu kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Chuo Kikuu Rasmi, lakini tangu mji huo uingie mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Februari 2025, safari ya kupanda mlima wa Ngomo na kutuma minervali vimekuwa jambo la kupimwa upya kila wakati. Mabenki ya Bukavu yalifunga, na watu wakabaki kutegemea pesa za simu. Mzazi mwenye ndugu Lubumbashi au Kinshasa ana mlango mwingine. Popote uendako, kabla ya kulipa nenda sekretarieti ukaombe orodha ya masomo na majina ya wanaoyafundisha. Uliza kama OHADA ina mwalimu wake au inagusiwa tu mwishoni mwa mwaka. Uliza kama Sheria ya Numeriki iko maktabani kwa karatasi, maana umeme na mtandao wetu mnaujua. Uliza kama wanafunzi hupelekwa tribinali kusikiliza kesi. Kwa mfumo wa LMD, licence ni miaka 3 na master miaka 2. Utaalamu wa teknolojia mahali pake ni kwenye master.

Wengine wananiuliza kuhusu Nairobi. Chuo Kikuu cha Strathmore kina kituo cha CIPIT, kinachotafiti haki za ubunifu na sheria ya teknolojia, na kazi yake naiheshimu sana. Lakini Kenya, Tanzania na Uganda zinafuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, na masomo ni kwa Kiingereza. Kijana akichukua diploma yake ya kwanza huko, akirudi atalazimika kuomba serikali itamke kwamba inalingana na ya Kongo kabla baraza la mawakili halijampokea kwa mazoezi ya miaka 2. Nimeona vijana wenye akili wakikwama hapo. Afadhali aimalize misingi nyumbani, kisha aende nje kwa master. Wakati huo Nairobi itamfaa, hasa kwa kuwa Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na biashara ya simu inavuka mipaka. Anayebaki kwenye Kifaransa, Namur nchini Ubelgiji kuna kituo kilichoanza kutafiti sheria ya kompyuta mwaka 1979, na sheria ya Ubelgiji na yetu zina shina moja. Vyeti vya wiki chache vinavyouzwa mtandaoni vinaweza kumwongezea maarifa, lakini havimpeleki kortini.

Na kijana wa Uvira ana utajiri ambao wa Kinshasa hana. Kutoka Kavimvira hadi Gatumba, upande wa Burundi, ni mwendo mfupi. Sokoni mtu analipwa kwa faranga za Kongo, faranga za Burundi au dola. Mfanyabiashara wa huku anaweza kumlipa muuzaji wa Bujumbura kwa Lumicash, pesa za simu za Burundi, kupitia jamaa yake wa ng'ambo. Pesa ikipotea njiani, mlalamikaji aende kwa jaji wa upande gani? Burundi haimo katika OHADA, na ina sheria yake ya uhalifu wa mtandaoni ya Machi 2022. Hiyo ni mada ya mémoire inayotosha miezi mingi ya kazi, na mashahidi wake wako sokoni Mulongwe, hawahitaji visa.