Rikazi: Kuzitambua na Kuziandika Sarafu za Fedha za Kirumi Kabla ya Kuzitolea Hukumu

Katika kitabu cha Zaka mafakihi wamezoea kufungua mlango mfupi wa Rikazi, na wanafunzi wengi huupita mbio kwa kuwa hakuna anayetarajia kufukua hazina. Asili yake ni hadithi sahihi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba katika rikazi hutolewa khumsi, yaani sehemu moja katika tano. Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu. Ama mali iliyozikwa na Waislamu, hiyo si rikazi bali ni luqata, na aliyeiokota hulazimika kuitangaza mwaka mzima ili mwenyewe apatikane.

Hukumu hizi mbili zina tofauti kubwa. Kwa rikazi, masikini wana haki yao tangu siku ile ilipopatikana bila kungojea mwaka upite, na kilichobaki kina mwenyewe anayejulikana. Kwa luqata, aliyepata ni mshika amana tu. Na kinachozitenganisha mara nyingi ni alama zilizomo katika sarafu zenyewe. Kwa hiyo imamu anayeletewa sarafu tatu zilizosuguliwa kwa limau na majivu mpaka zikang'aa, na nyingine zote zimekwishagawanywa, ameulizwa swali ambalo ushahidi wake umekwishapotezwa.

Tuanze na jina, kwani linawachanganya wengi. Dinari tunayoijua katika fiqhi ni ya dhahabu. Lakini neno hilo asili yake ni Kilatini, denarius, na denarius ya Warumi ilikuwa ya fedha. Basi mtu akisoma kwamba zimepatikana "dinari" 300 za Kirumi, asikimbilie nisabu ya dhahabu.

Upande wa mbele wa denarius huwa na kichwa cha mtawala na maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa. Herufi TR P zinaonesha mamlaka ambayo mfalme aliyahesabu upya kila mwaka, na COS ni idadi ya mara alizoshika cheo cha ukonsuli; kwa kuziunganisha hizo mbili, mara nyingi sarafu hujulikana mpaka mwaka iliyopigwa. Kichwa chenye taji la majani ni cha denarius. Kichwa cha mfalme chenye taji la miali kama ya jua, katika sarafu ya fedha, ni cha sarafu nyingine, iliyoanzishwa na Caracalla mwaka 215. Katika sarafu za karne ya nne na ya tano, chini ya picha ya upande wa nyuma huwa pana alama ya mji wa kiwanda: TRPS, kwa mfano, ni mji wa Trier pamoja na alama ya fedha iliyosafishwa. Sarafu hizi zote zimepangwa na kupewa nambari katika kitabu kikubwa cha The Roman Imperial Coinage, kilichoanza kuchapwa mwaka 1923, na anayeandika orodha hutaja nambari hiyo ili mwingine aweze kumsahihisha.

Sarafu iliyo muhimu kuliko zote katika limbiko ni ile ya mwisho kupigwa. Limbiko haliwezi kuwa limezikwa kabla ya sarafu yake changa kabisa kuwapo. Hapa elimu ya sarafu inakutana na fiqhi uso kwa uso, kwani wanavyuoni wa Kishafi wamejadili kwamba kinachozingatiwa ni nani aliyezika, si nani aliyepiga sarafu. Muislamu anaweza kuzika fedha za Warumi. Chungu kikiwa na sarafu 500 za Kirumi na dirhamu moja ya Kiislamu, dirhamu hiyo moja ndiyo inayosema chungu kilifukiwa lini. Na ndiyo hiyo itakayokwenda kwa sonara peke yake, kwa kuwa haifanani na zenzake!

Wala picha ya mfalme pekee haitoshi kuwa dalili ya ujahilia. Kabla Abdul-Malik bin Marwan hajapiga dinari isiyo na picha mwaka 77 Hijria (696-697), Waislamu wa Iraki na Uajemi walipiga dirhamu zenye sura ya mfalme wa Kiajemi na madhabahu ya moto, na ukingoni wakaandika Bismillahi kwa Kiarabu. Asiyeutazama ukingo atakosea.

Kisha huja kiasi cha fedha. Katika madhehebu ya Shafi rikazi haina khumsi mpaka ifike nisabu, na nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo kwa hesabu iliyozoeleka ni gramu 595 za fedha halisi. Denarius ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu, yenye uzito wa gramu 3.9 hivi, basi 160 ambazo hazijalika zinafika nisabu. Lakini Septimius Severus aliipunguza fedha mpaka ikakaribia nusu, nyingine ikawa shaba. Sarafu 160 za kwake, kila moja ya gramu 3.2 hivi, hazifiki hata nusu ya nisabu. Jina la mfalme, basi, linaingia katika haki ya masikini.

Hata mizani na mashine zinataka tahadhari. Kipimo cha eksirei husoma ngozi ya juu ya sarafu tu, na viwanda vya Warumi vilikuwa na ufundi wa kuondoa shaba usoni ili fedha ing'are. Kipimo hicho kikitumika peke yake huonesha fedha nyingi kuliko iliyomo ndani.

Tazama yaliyopatikana Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 2010. Mtu mmoja mwenye mashine ya kutafutia vyuma alipoona mdomo wa chungu alisimama, akawaita wataalamu. Wao wakakitoa tabaka kwa tabaka kwa siku tatu, kila tabaka na mfuko wake wenye nambari. Zilihesabiwa sarafu 52,503, uzito kilo 160. Nyingi zilikuwa za shaba na za fedha iliyochanganywa mno, za miaka ya 253 hadi 305 hivi, ila denarius tano za Carausius zilikuwa za fedha nzuri. Sarafu za Carausius, zilizo miongoni mwa za mwisho, nyingi zilikutwa chini, na zilizozitangulia zikiwa juu yake. Maana yake ni kwamba chungu hakikujazwa kidogo kidogo kwa miaka kama kibubu, bali kilimiminwa kwa pamoja. Lau kingemwagwa sakafuni jioni ya kwanza, nani angelijua hilo?

Miaka 18 kabla yake, Novemba 1992, huko Hoxne mashariki ya nchi hiyo, mtu aliyekuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani alikuta karibu sarafu 15,000, zaidi ya 14,000 kati yake za fedha. Naye akatoa taarifa, na kesho yake wataalamu wakachimba. Sarafu ya mwisho ni ya mwaka 407 au 408. Fedha zile karibu zote zimekatwa ukingoni, huku kichwa cha mfalme kikiachwa salama. Kwa hiyo kila moja hupimwa peke yake, wala uzito wa kitabuni hautoshi. Wasomaji watakumbuka kwamba baadhi ya wafasiri, katika kisa cha Nabii Shuaibu (A.S.), wamesema miongoni mwa ufisadi wa watu wake ulikuwa kukata dirhamu.

Kuandika kwenyewe si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Kwanza mahali: shamba, kina, chombo, na kilichokuwa juu na chini ya nini. Kisha kila sarafu hupewa nambari, ikapigwa picha pande zote mbili pamoja na rula, ikapimwa uzito mpaka sehemu ya mia ya gramu na upana wake, maandishi yakanakiliwa kama yalivyo, na herufi isiyosomeka ikaachwa wazi bila kubuniwa. Kusafisha ni kazi ya wenye ujuzi. Udongo ulioganda huweza kuwa na nyuzi za mfuko uliozibeba.

Mahali pana uzito katika fiqhi pia. Kwa Mashafi, rikazi ya anayeipata ni ile ya ardhi mfu aliyoikuta au aliyoihuisha mwenyewe. Ikipatikana katika milki ya mtu, ni ya mwenye milki akiidai, na asipoidai hurudi kwa aliyemtangulia, mpaka aliyeihuisha ardhi hiyo. Na Muislamu aliyeko Uingereza, Wales au Ireland ya Kaskazini ana sheria ya nchi iliyopitishwa mwaka 1996: sarafu mbili au zaidi za pamoja, zilizopita miaka 300 na zenye asilimia 10 au zaidi ya dhahabu au fedha, ni hazina, na zikiwa chini ya asilimia hiyo zinatakiwa ziwe 10 au zaidi. Taarifa hutolewa kwa afisa wa mahakama aitwaye korona ndani ya siku 14. Makumbusho ikizitaka, thamani hukadiriwa na malipo kwa kawaida hugawanywa baina ya aliyepata na mwenye ardhi. Siku hizo 14 ndizo za kumpelekea mwanachuoni suala lake, pamoja na orodha iliyoandikwa, na sarafu zikiwa bado na udongo wake. Wallahu a'lam.