Vanishi Nzito ya Maji na Pumzi ya Kompresa

Masika yalikuwa yamekolea fundi mmoja wa Mwananyamala aliponipigia simu. "Mwalimu, njoo uone. Vanishi hii imenikataa kabisa." Nilimkuta nyuma ya Komakoma, chini ya bati lake, amesimama mbele ya milango sita ya kabati la mninga kama mtu aliyefiwa.

Fundi huyu ni mkongwe wa klia ya NC (nitroselulosi), ile unayoichanganya na thina nusu kwa nusu, ukapiga asubuhi na jioni ukabebesha mzigo. Safari hii mteja wake, mama mwenye mtoto wa pumu, alikataa harufu ya thina ndani ya nyumba. Akaleta mwenyewe kopo la lita nne la vanishi ya maji, nzito kama uji wa ulezi. Fundi akaimimina kwenye gani yake ya kupulizia ya siku zote, yenye kikombe chini. Ikatema matone badala ya ukungu. Akafanya ambacho fundi yeyote wa klia angefanya: akaongeza maji, akaongeza tena, mpaka ikapita. Ilipita, na ilipofika mlangoni ikatiririka. Asubuhi milango ilikuwa na michirizi ya machozi, weupe kwenye kona, na nyuzi za mbao zimesimama kama ndevu za siku mbili.

Mafundi wengi wakifika hapo huilaumu vanishi, kisha hurudi kwenye thina. Ni hasara, kwa sababu karakana za Mwananyamala, kama za Keko, zimebanana na nyumba za watu. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hupita chini ya uzio, hufika kwa mama ntilie aliyewasha jiko la mkaa hatua chache kutoka unapopulizia. Vanishi ya maji ina haki ya kupewa nafasi, ila inadai vifaa vyake, na kosa la fundi wangu lilianza dukani siku aliponunua gani, si siku aliyofungua kopo.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Kwenye klia ya NC, utomvu umeyeyuka ndani ya thina kama sukari ndani ya chai. Kwenye vanishi ya maji haujayeyuka. Ni chembe ndogo mno za akriliki au poliyurethani zinazoelea majini, kama mafuta yanavyoelea ndani ya tui la nazi. Maji yakiondoka, chembe husogeleana na kubanana, na kiyeyusho kidogo kinachokauka taratibu huzilainisha zishikane ziwe ngozi moja. Kila mpishi anajua tui likizidishwa maji linakuwaje.

Na uzito ule ni wa makusudi. Kiwanda kimeweka kikolezo kinachofanya vanishi ilegee inapokorogwa au kusukumwa kwa nguvu, kisha ikaze tena ikitulia. Ndiyo maana hulegea ikipenya kwenye nozeli na hukaza ikishika mlango uliosimama wima. Ukiongeza maji theluthi nzima umeiua tabia hiyo, na michirizi ni haki yako. Watengenezaji wengi huruhusu maji asilimia 5 hadi 10 tu, na wengine hawaruhusu hata tone. Soma kopo. Gani ndiyo inayopaswa kuifuata vanishi.

Ili ujue uzito wa ulichonacho, pima. Kuna kikombe chenye tundu chini kiitwacho Ford namba 4: unakijaza, unaachia, unahesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Maji hutumia kama sekunde 10. Klia iliyochanganywa vizuri kwa gani ya kawaida huwa karibu na 20, na vanishi nzito ya maji inaweza kuvuka 40 au 60. Usipokipata kikombe hicho, toboa chini ya kikombe kigumu cha plastiki kwa keekee ya milimita 4 na uandike sekunde zako ubaoni. Hazitalingana na zilizoandikwa kwenye kopo, lakini zitalingana na za jana, na fundi anachohitaji ni hicho. Koroga kwanza, taratibu, kwa sababu vanishi iliyotulia wiki nzima itakudanganya. Usikoroge kwa mashine ya kasi: ndani mna kitu cha jamii ya sabuni, kimewekwa kwa sababu maji hushikamana sana na hayataki kuvunjika matone wala kutandaa. Kitu hichohicho ndicho kinacholeta povu.

Gani yenye kikombe chini ni ya kale. Babu yake ni kipulizio cha dawa alichokitengeneza Allen DeVilbiss, daktari wa koo wa mji wa Toledo, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1880. Baadaye mwanawe, Thomas, akakipeleka upande wa rangi. Upepo ukipita kwa kasi mbele ya tundu, hufyonza kilicho chini. Kwa dawa nyepesi ya koo ni ufundi mzuri, na kwa thina pia. Kwa uji wa ulezi ni sawa na kumpa mtu mrija wa soda anywee maziwa ya mgando.

Gani yenye kikombe juu husaidiwa na uzito wa vanishi yenyewe, kwa hiyo hula kitu kizito zaidi kwa upepo uleule. Kwa karakana ya watu wawili watatu, hiyo ndiyo ya kuanzia. Angalia namba ya nozeli kabla ya rangi ya mpini. Gani nyingi za bei ya chini huja na tundu la milimita 1.3 au 1.4, saizi ya klia. Kwa vanishi nzito ya maji tafuta 1.8 au 2.0, na kwa rangi nyeupe ya msingi inayopigwa kwenye makabati ya MDF, hata 2.2 au 2.5. Nozeli, sindano na kofia ya upepo hununuliwa pamoja kama seti. Ukibadilisha nozeli peke yake itavuja au itatupa ukungu upande mmoja. Sindano na njia yote inayopita vanishi ziwe za chuma kisichopata kutu. Kutu ikikutana na tanini ya mbao huacha madoa meusi ambayo msasa hauyamalizi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tundu kubwa hutoa vanishi nyingi, na vanishi nyingi inahitaji upepo mwingi ili ivunjike kuwa ukungu. Fundi huenda kwenye maduka ya Gerezani akauliza bei ya gani iliyoandikwa HVLP, akaambiwa ni ya kisasa, haipotezi rangi, akalipa. Maelezo ya muuzaji ni kweli. Herufi hizo zinamaanisha upepo mwingi kwa shinikizo dogo: kwenye kofia, shinikizo halizidi psi 10. Aina hii ilipata nguvu kutokana na kanuni za hewa safi za California zilizotaka angalau asilimia 65 ya rangi ifike kwenye kitu kinachopakwa, badala ya kupotea hewani. Ambacho hakuambiwa ni lile neno "mwingi".

Tupige hesabu. Kompresa ndogo ya HP 2 yenye tangi la lita 50 mara nyingi ina kibandiko kinachosema lita 200 na kidogo kwa dakika. Hizo ni lita inazovuta. Zinazofika kwenye mpira baada ya kubanwa ni pungufu, tuseme 130. Gani ya HVLP ya kawaida hula lita 280 hadi 420 kwa dakika, tuchukue 350. Tangi likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3 linatoa lita 250 za hewa. Kila dakika unatumia 350 na unarudishiwa 130, maana yake unakula akiba kwa lita 220. Akiba inaisha kwa dakika moja na sekunde chache, na kazi bado haijaisha. Kuanzia hapo shinikizo linaporomoka, matone yanakua, na uso wa mlango unakuwa ganda la chungwa. Fundi anaongeza maji. Tunarudi kule kwenye machozi.

Kwa kompresa ya namna hiyo, tafuta gani zinazoandikwa LVLP, yaani upepo kidogo na shinikizo dogo. Nyingi hula lita 100 hadi 200 kwa dakika. Ni za polepole kidogo, na ukungu wake ni mwembamba, lakini mashine ya HP 2 inaweza kuishi nazo, hasa ukichagua zile zilizo chini ya 150. Namba ya upepo huandikwa kwenye boksi au kijitabu, kwa lita au kwa futi za ujazo. Futi moja ya ujazo ni lita 28 na kidogo. Boksi lisilo na namba hiyo lirudishe rafuni.

Mpira nao unakula. Mpira wa robo inchi wenye urefu wa mita 15 unanyonga gani hata kompresa ikiwa na afya. Weka wa inchi tatu kwa nane, mfupi kadiri inavyowezekana, na usome geji iliyo kwenye mpini huku umebonyeza kifyatulio. Geji ya kwenye tangi inakuambia habari za tangi tu. Kwa hewa yetu ya pwani usikose kichujio cha maji kwenye njia ya upepo, na tangi limwagwe maji kila asubuhi. Vanishi ni ya maji, lakini maji ya kompresa huja na mafuta na kutu, na tone moja la mafuta hufukuza vanishi likaacha shimo la mviringo kama jicho la samaki.

Mwenye kazi kubwa, milango 40 ya jiko kwa mfano, atafute gani inayosukumiwa vanishi kwa presha: chombo cha lita 2 au tangi la lita 10 ambalo upepo wa psi 5 hadi 15 unasukuma vanishi kupitia mpira mpaka kwenye gani. Uzito si tatizo tena, na mkono haubebi kikombe. Mashine zisizotumia upepo kabisa, zinazobana vanishi kwa psi 1,500 hadi 3,000 na kuipitisha kwenye kitundu, hula chochote kizito na hukimbia sana. Nazipenda kwa dari na kuta. Kwa kiti cha miguu minne zinapoteza nusu ya vanishi hewani. Ukiwa nayo, chagua kitundu kidogo kama 310: tarakimu ya kwanza ukiizidisha kwa 2 unapata upana wa mpigo, inchi 6, na mbili za mwisho ni tundu la elfu 10 za inchi. Usiweke kidole mbele yake. Shinikizo hilo hupenyeza rangi chini ya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mtu hupoteza kidole kwa kusubiri mpaka kesho. Kimbia hospitali saa ileile, na useme ni rangi ya presha.

Zipo pia mashine za feni, zinazotengeneza upepo wao bila kompresa. Kwa vanishi nzito usinunue yenye feni chini ya nne zilizopangana. Upepo wake hutoka na joto, na mchana wa Januari Dar matone hukauka njiani yakafika mlangoni kama vumbi.

Gani sahihi bado haitakuokoa na masika. Hewa ya Dar haina thina ndani yake, kwa hiyo thina huondoka mvua inyeshe isinyeshe. Maji tele hewa inayo, na ikishiba haichukui mengine. Piga mkono mwembamba, mikroni 75 hadi 125 ikiwa mbichi, washa feni ya kawaida ipepee pembeni baada ya ukungu kutulia, na usirudie mkono wa pili kwa sababu tu ule wa NC ungekuwa umekauka. Weupe wa kwenye kona za fundi wangu ulikuwa maji yaliyofungiwa chini ya mkono wa pili. Zile ndevu za mbao nazo huondolewa mapema: pitisha kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, piga msasa namba 220, ndipo upulizie. Na vaa barakoa yenye vichujio. Kukosa harufu hakuzuii ukungu wa plastiki kuingia mapafuni.

Ile milango sita tuliikwangua, tukaipulizia upya kwa gani ya kikombe cha juu, nozeli 1.8, maji asilimia 5, mikono mitatu ndani ya siku mbili. Mama aliichukua Jumamosi.

Ukihamisha gani kutoka klia kwenda vanishi ya maji, usimimine moja juu ya nyingine, maana zikikutana huganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Safisha kwa thina, kisha spiriti, kisha maji. Ukirudi kwenye klia, anza na maji, kisha spiriti, kisha thina. Na ukiitwa kula, osha sindano kwanza. Vanishi ya maji ikishakauka mle ndani, maji hayaitoi tena.