Tiba ya Nafsi: Funzo la Kiganjo

Vijana wetu wengi wa Pwani wamepanda hadi Kiganjo, karibu na Nyeri, kwenye baridi ya Mlima Kenya, kufunzwa upolisi. Hufunzwa gwaride, sheria na bunduki. Lakini kazi hiyo ina jambo gumu kulizoea: kuokota maiti njiani, na usiku kuwaona tena usingizini. Mtu kama huyo atatibiwaje?

Wakikuyu, wenyeji wa huko, tangu zamani walikuwa na jibu lao. Aliyegusa maiti aliingiwa na thahu, yaani unajisi wenye kuleta maradhi na balaa. Mganga wao, mundu mugo, alichinja mbuzi, akaitaja thahu, naye mgonjwa akaitema kama atapikaye, kisha akarudi kwa watu wake akiwa safi.

Kwetu sisi mwosha maiti haitwi najisi. Ni sunna tu aoge. Na moyo ukifadhaika, hutafutwa kisomo na dua.

Wazungu nao hawakubaliani. Sigmund Freud wa Vienna alishika kwamba chanzo kimejificha ndani. Mgonjwa hulala kochini akasema lolote limjialo, hata kwa miaka. Aaron Beck wa Marekani, katika miaka ya 1960, alifupisha njia. Askari akisema, “Yule alikufa kwa kosa langu,” tabibu hukaa naye walipime wazo lile: lina ushahidi gani?

Waama, hilo si geni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya mwili na nafsi. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema angali mzima, kama awekavyo dawa nyumbani, zimfae hofu na huzuni zitakapomjia.

Basi tiba hizi zinatofautiana juu ya chanzo, lakini hakuna hata moja inayomwacha mgonjwa peke yake na siri yake. Mwaka 2020 jopo la Dakta Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Kwa hiyo, mwanao askari akirudi likizo kimya, halali, hasemi, msomeeni dua, na pia mpelekeni kwa tabibu. Kimoja hakikatazi kingine. Kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.