Anza na Sambaza, Sokwe Atakuja Baadaye

Mwanafunzi wa humanite za sayansi mjini Goma, anayejiandaa kwa mtihani wa Dola, hujifunza uainishaji wa viumbe kama anavyojifunza majina ya mito: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Huyakariri kwa Kifaransa, huyaandika siku ya mtihani, huyasahau. Mageuko ya viumbe humjia baadaye kama somo jingine kabisa, na mara nyingi humjia kwa maneno ambayo tayari ameyasikia mtaani: ati mtu ametokana na nyani. Hapo darasa huchachamaa, na mwalimu mwenye busara ya kuogopa hufungua ukurasa unaofuata.

Naona tatizo ni mpangilio kuliko ugumu. Uainishaji na mageuko ni somo moja lililokatwa vipande viwili. Linnaeus, Msweden aliyechapisha toleo la kwanza la mfumo wake mwaka 1735, aliwapanga viumbe kwa kufanana kwao. Kwa nini wanafanana? Jibu lililosimama lilikuja na Charles Darwin mwaka 1859: wanafanana kwa sababu wana wazee wamoja. Tangu hapo jedwali la makundi limekuwa mchoro wa ukoo. Kulifundisha bila ukoo ni kumpa mtoto majina ya watu wote wa kijijini bila kumwambia nani kamzaa nani.

Vifaa vya kulifundisha vizuri viko Birere kwenyewe, mtaa huu wa maduka na vibanda uliobanana jirani na mpaka wa Gisenyi. Chukua sambaza wa Ziwa Kivu. Chukua pia wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Victoria wanaoletwa kutoka Uganda, ambao Wakenya huwaita omena. Wote ni wembamba, wote wana rangi ya fedha, wote huogelea makundi kwa makundi na huvuliwa usiku kwa taa. Mnunuzi huwaweka katika kapu moja, naye kwa mahitaji ya jikoni hajakosea. Mwanabiolojia huwatenganisha mbali sana. Sambaza ana asili ya samaki wa baharini: ni wa ukoo wa dagaa wa chumvi na sadini, na ukipitisha kidole tumboni mwake kuelekea kichwani utakutana na magamba magumu yenye ncha. Omena ni wa ukoo wa samaki wa maji baridi waitwao kapu. Taya zake hazina meno. Meno yake yako kooni. Kufanana kwao kumeletwa na maisha yanayofanana, si na mzazi mmoja wa karibu.

Hilo ndilo fundo la uainishaji wote, na linastahili kipindi kizima: si kila mfanano ni ushahidi wa undugu. Upo mfanano wa kurithi, na upo mfanano wa kazi.

Sambaza ana funzo la pili. Ziwani Kivu yeye ni mgeni. Kwao ni Tanganyika, na maporomoko ya mto Ruzizi yalimzuia kupanda hadi Wabelgiji walipomleta mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kumkuta kiumbe mahali fulani hakutoshi kusema kwamba ukoo wake umeanzia hapo. Wenyeji wa kale wa Kivu ni wale samaki wadogo waitwao haplokromi, ambao baadhi ya spishi zao hazipatikani popote pengine duniani.

Kisha ije okapi, ambaye jina lake linasikika nchi nzima kwa sababu ya Radio Okapi. Philip Sclater wa London alipewa vipande vya ngozi yenye mistari vilivyotumwa na Harry Johnston, na mwaka 1901 akamwingiza mnyama huyo katika jenasi ya punda na pundamilia. Mistari ilimdanganya. Muda mfupi baadaye zikafika ngozi nzima na mafuvu, vilivyopatikana kwa msaada wa Karl Eriksson, ofisa Msweden aliyekuwa kituo cha Mbeni, Beni ya leo. Kwato zilikuwa za kupasuka, tofauti na za punda, na chonge za taya ya chini zilikuwa zimegawanyika ncha, alama ya familia ya twiga. Ray Lankester akampa jenasi yake, Okapia. Mpe mwanafunzi kisa hiki kabla ya jibu, umuulize: mistari na meno, utaamini kipi, na kwa nini?

Uteuzi asilia nao una mfano ambao kila nyumba ya Goma imeuishi. Kongo iliacha kutibu malaria kwa klorokwini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuwa dawa ilikuwa haiui tena. Wanafunzi wengi watasema kimelea "kilizoea" dawa, na hapo mwalimu asiharakishe. Hakuna kimelea kilichojifunza kitu. Wachache walikuwa tayari na tofauti ya kurithi iliyowaokoa; wenzao walikufa, wao wakazaana. Tofauti, urithi, kunusurika: ikikosekana moja kati ya hizo tatu, hakuna uteuzi.

Mfano mpya zaidi wa mageuko ni mpox iliyozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ikafika hadi kambi za wakimbizi kandokando ya Goma. Kwa kusoma vinasaba vya kirusi, watafiti walitambua tawi jipya, wakaliita Ib, na mabadiliko yaliyorundikana humo yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukienea kati ya mtu na mtu. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Hapo kuainisha na kufuatilia ukoo vilikuwa kazi ileile.

Baada ya hayo yote, mtu. Kongo ndiyo nchi pekee yenye bonobo wa porini, na ina sokwe na gorila pia. Hakuna hata mmoja kati yao aliye babu yetu, ni binamu. Sokwe na bonobo wako karibu nasi kuliko walivyo karibu na gorila, na jambo hilo humshangaza hata mtu mzima.

Mwalimu wa shule ya kanisa atauliza: na Kitabu cha Mwanzo? Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa 12 aliruhusu uchunguzi wa suala hili mwaka 1950, na mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Makanisa mengine yana msimamo mwingine, na mwanafunzi ana haki ya kubaki na imani yake. Kazi ya darasa ni kumfanya aweze kueleza ushahidi.

Mwalimu, usingoje maabara wala kitabu kipya. Geuza mpangilio wa sura muhula ujao: wape samaki mkononi kwanza, waache wabishane juu ya nani ndugu wa nani, kisha ndipo uandike majina ya Kilatini ubaoni.