Msala wa Anatolia: Ufumaji na Maana ya Alama Zake

Neno msala lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo lilitaja mahali pa kusalia. Katika Kiswahili neno hilo limehamia kwenye kitu kinachotandikwa mahali hapo, kama vile mkeka wa ukindu. Waturuki nao huuita msala seccade, neno lenye mzizi mmoja na sijida na msikiti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba alama zilizofumwa katika misala ya kale ya Anatolia zilipata mageuzi ya namna hiyo hiyo, na kwamba asiyezingatia ufumaji hawezi kuzifasiri sawasawa.

Mfumaji, ambaye vijijini kwa kawaida alikuwa mwanamke, alitanda nyuzi za mtande kwenye kitanda cha mfumi, kisha akafunga mafundo ya sufu moja moja, mstari baada ya mstari. Baina ya mistari alipitisha mshindio na kuushindilia kwa kitana kizito. Ncha za sufu zikasawazishwa kwa mkasi. Fundo la Kituruki, liitwalo pia fundo la Ghiordes, huzunguka nyuzi mbili za mtande na ncha zake hutokea baina ya nyuzi hizo. Fundo la Kiajemi huzunguka uzi mmoja tu na kupita nyuma ya jirani yake. Hili la pili limepewa jina la Senneh, ingawa mafundi wa Senneh wenyewe hufunga lile la Kituruki. Kadiri mafundo yanavyokuwa makubwa, ndivyo mstari uliopinda unavyogeuka kuwa ngazi. Kwa hiyo nakshi ya kasri, ilipoigwa kijijini kwa sufu nene, haikuweza kubaki ilivyokuwa.

Jumba la Metropolitan Museum of Art, New York, lina msala wa kasri ya Osmania wa miaka ya 1575 hadi 1590 hivi, uliotolewa na James F. Ballard mwaka 1922. Una matao matatu, nguzo zilizopangwa mbili mbili, na kandili katika tao la kati. Tao ni mihrabu. Kandili huhusishwa na aya ya 35 ya Sura ya An-Nur, inayoifananisha nuru ya Mwenyezi Mungu na taa iliyo ndani ya shubaka. Katika misala ya baadaye ya Ghiordes na Kula, nguzo zimekonda mara nyingi zikawa tepe zisizobeba kitu, na kandili limegeuka birika au shada la maua lililoning'inia kichwa chini.

Yuko atakayesema kwamba shada hilo ni bustani ya peponi. Yamkini baadhi ya wafumaji waliliona hivyo. Hata hivyo, asili yake ni kandili lililopoteza umbo katika kunakiliwa, kama neno linavyopoteza silabi katika vinywa vya vizazi. Tao halikupotea, kwa sababu kazi yake ya kuonyesha upande wa kibla ilihitajiwa mara tano kila siku.

Uzito wa alama hiyo ulitambuliwa na watawala. Mwaka 1610 Sultani Ahmed I alipeleka amri Kütahya kukataza mazulia yenye mihrabu, Kaaba au maandishi yasifumwe na kuuzwa kwa wasio Waislamu. Pamoja na hayo, misala mingi ilifika makanisa ya Transylvania. Kanisa Jeusi la Brașov, nchini Romania, limehifadhi mazulia ya Anatolia zaidi ya mia moja.

Msala ukiangikwa ukutani, tao lake huelekea darini. Ukitandikwa, huelekea Makka. Pale palipochakaa kwa magoti na paji la uso, mnunuzi huona hasara. Kwa mtaalamu, mahali hapo ni ushahidi wa matumizi, na matumizi ndiyo yaliyoihifadhi maana. Kwa hiyo anayeorodhesha misala ya kale hana budi kueleza uchakavu wake kwa uangalifu ule ule anaoelezea nakshi.