Wimbo ule ule, mmoja anacheza, mwingine analia: juu ya nini?

Jumamosi moja mchana tulikuwa ku emisyo ya nyimbo za kuombwa na wasikilizaji. Nikatia rumba moja ya zamani, ya zile zinazopita dakika kumi. Wimbo haujafika hata katikati, simu ya studio ikapokea ujumbe mbili. Wa kwanza ulitoka Kalundu: papa mmoja alishukuru sana, alisema tumemrudishia ujana wake na kwamba ameomba bibi yake aache vyombo wacheze kidogo. Wa pili ulitoka Kavimvira: mama mmoja aliomba kwa heshima tukate ule wimbo, kwa sababu ndio ulipigwa siku za matanga ya bwana yake.

Wimbo ni ule ule, saa ni ile ile. Mmoja anacheza, mwingine analia. Mimi nilibaki nimeshika simu, sijui nimjibu nini yule mama, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Tangu siku ile nimetafuta kuelewa: wimbo unafanya nini ndani ya mtu? Na kwa nini haufanyi kitu kimoja kwa wote? Haya ndiyo niliyopata.

Ubongo unangojea sebene

Tuanze na mwili. Sauti inaingia ku masikio na kufika ku ubongo. Huko haikai tu mahali pa kusikia. Inagusa pia sehemu zinazoshika kumbukumbu, woga na furaha, na zile zinazoamuru miguu. Njo maana kidole cha mguu kinaanza kupiga chini mbele wewe mwenyewe hujaamua kucheza.

Mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha McGill, mjini Montreal huko Kanada, walitangaza kazi moja juu ya jambo hili. Waliomba watu walete wenyewe muziki ule unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama, halafu wakaangalia ubongo wao kwa mashine wakati wanasikiliza. Walikuta kwamba ubongo unatoa dopamini, kemikali ile ile inayohusika na utamu wa chakula kwa mtu mwenye njaa. Na inatoka kwa vipindi viwili: kwanza pale mtu anangojea sehemu anayoipenda, halafu pale sehemu yenyewe inafika.

Sisi Wakongo hatuhitaji mashine kuelewa jambo hilo. Rumba yetu imejengwa hivyo. Mwimbaji anaanza polepole, anaeleza shida zake za mapendo, wenzake wanamuitikia, gitaa zinakaa chini. Wewe unajua sebene inakuja. Umekaa ku kiti, lakini bega limekwisha kuanza. Franco Luambo na OK Jazz, orkestra iliyoanza mwaka 1956, walijua sana kungojesha watu. Sebene ikifungua, kila mtu anasimama. Ubongo umelipwa mara mbili: kwa kungojea na kwa kupata.

Lakini ili ungojee, lazima uwe unajua kitu gani kinakuja. Kwa hiyo wimbo unaoupenda sana mara nyingi ni wimbo ulioukwisha kusikia mara nyingi. Mwaka 1968, mtaalamu Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwamba mtu anazoea kupenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho tena na tena. Sote tumeliona hilo. Kijana wa duka la kuchaji simu anapiga wimbo mmoja tangu asubuhi mpaka jioni, wewe unakasirika. Kisha ya wiki mbili unajikuta unauimba ukiwa unaosha sahani.

Ulikuwa wapi ukiwa na miaka 16?

Wanaochunguza kumbukumbu wameona jambo hili katika nchi mbalimbali: ukiuliza mtu mzima nyimbo za maisha yake, nyingi atakazotaja ni zile alizosikia kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ni wakati wa masomo, rafiki wa kwanza, mapendo ya kwanza, franga za kwanza zilizotoka kwa jasho lako. Wimbo unashikamana na mambo hayo, na ukipigwa tena unayaleta yote pamoja.

Hapa kwetu ku mwambao wa Tanganyika, jambo hilo lina historia yake. Wazee wetu walikua na Franco na Tabu Ley, wakisikiliza redio za Kinshasa na za ng'ambo. Mawimbi ya redio hayaombi viza: Bujumbura tunaiona kwa macho, Kigoma iko chini ku ziwa. Halafu vita ya mwaka 1996 ikafika. Familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo katika mkoa wa Kigoma. Mtoto aliyefikisha miaka 16 kule alirudi na kwaya za Tanzania na bongo fleva ndani ya kichwa chake. Aliyekimbilia Burundi alirudi na nyimbo za Kirundi. Aliyebaki mlimani au ku Plaine ya Ruzizi alishika nyimbo za kanisa na za ngoma kwa Kifuliru, Kivira ao Kibembe. Na vijana wa leo wanapokea kila kitu ku simu: Innoss'B wa Goma, Fally Ipupa, Diamond.

Kwa hiyo ndani ya parsele moja unaweza kukuta papa, mama na watoto, kila mmoja na ramani yake. Papa akisema nyimbo za leo ni makelele matupu, hadanganyi. Kwake ni makelele, kwa sababu hazina siku zake ndani. Lakini baba yake naye alisema vile vile juu ya gitaa za umeme.

Mfano mzuri wa safari hizi ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Tanzania mwaka 1978, akawa mkubwa sana Dar es Salaam akiimba kwa Kiswahili pamoja na Super Matimila, mpaka alipokufa Desemba 2010. Huku tunasema ni wetu, kule nao wanasema ni wao. Na wote wana haki.

Mbona tunapenda nyimbo za huzuni?

Watu wengi wanaogopa kusema kwamba wanapenda nyimbo za kulia. Wanafikiri ni ugonjwa. Hapana. Mwaka 2014 watafiti wawili, Liila Taruffi na Stefan Koelsch, waliuliza watu 772 wa nchi mbalimbali juu ya nyimbo za huzuni. Kilichotajwa zaidi na watu hao kilikuwa hamu ya siku zilizopita. Wengi walisikia pia utulivu na upole ndani yao.

Wimbo wa huzuni ni sawa na rafiki anayekuja ku kilio, anakaa karibu na wewe, hasemi neno. Hakuondolei msiba, lakini hauko peke yako. Njo maana kwetu kwaya zinaimba usiku mzima ku matanga. Na tena huzuni na furaha zinaweza kukaa ndani ya wimbo mmoja. Huyo huyo Remmy aliimba wimbo unaoitwa Kifo, unaosemesha mauti yenyewe, na watu waliucheza.

Mwili ni mmoja, maana ni nyingi

Kuna utafiti mwingine uliofanyika karibu na sisi, ulitangazwa mwaka 2015. Watafiti walichukua Wambenzele 40, wambute wa pori la Kongo-Brazzaville, na watu 40 wa Montreal. Kila kundi lilisikilizishwa muziki wake na muziki wa wenzao. Walipopima mwili, walikuta mambo fulani yanafanana: muziki uliochangamsha hawa ulichangamsha na wale. Lakini walipouliza kama muziki huo unaleta hisia nzuri ao mbaya, majibu yakaachana.

Watafiti walieleza kwamba kwa Wambenzele muziki una kazi ya kufukuza hisia mbaya. Mtoto analia, wanaume wanaogopa kwenda kuwinda, basi watu wanaimba ili ile hali iondoke. Mtu wa mjini anaweza kuweka wimbo wa huzuni kwa kusudi, akae ndani yake. Kwao hilo si jambo la kawaida.

Hapo nilianza kuelewa wale watu wangu wawili. Papa wa Kalundu na mama wa Kavimvira wote walishtuka moyo kwa ile gitaa. Mpaka pale wako sawa. Kisha kila mmoja alichukuliwa na kumbukumbu yake: mmoja ku ujana, mwingine ku kaburi.

Wimbo unaweza kuumiza

Hapa Uvira tusifanye mchezo na jambo hili. Watu wamepita vita. Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka mahali pake, ukachukua watu na nyumba nyingi. Kama siku ya shida redio ya jirani ilikuwa inalia, ule wimbo unaweza kushikamana na shida hiyo. Ukipigwa tena, moyo unakimbia, mikono inatoka jasho, na mtu hajui juu ya nini. Huo si uzaifu wala si mapepo. Ni kumbukumbu inafanya kazi yake vibaya.

Kuna pia wale wanaojifungia usiku na wimbo mmoja wa huzuni, wiki nzima, wakizungusha mawazo yale yale. Wataalamu wameona kwamba kwa mtu wa namna hiyo wimbo unaweza kuzidisha huzuni. Na kuna nyimbo zinazotembea ku simu zikitukana kabila la wengine. Nazo zinabadilisha hali ya moyo: unasikiliza mara tatu, unaanza kumtazama jirani yako kwa jicho lingine. Ukipokea ile, usiitume mbele.

Lakini muziki unaweza pia kusaidia kuponya. Kule Bukavu, ku hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo la Nobel mwaka 2018, shirika Make Music Matter lilileta programu ambamo wamama waliotendewa ukatili wanaandika nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi, pamoja na mtaalamu wa kutunza roho na fundi wa studio. Angalia tofauti: hapo si wimbo unamkamata mama, ni mama anaushika wimbo. Anaamua maneno, anaamua wapi unaanza na wapi unaishia.

Namna ya kutumia nyimbo zako

Mambo machache ambayo kila mtu anaweza kujaribu nyumbani:

– Anza pale ulipo. Ukiwa na huzuni, usijilazimishe ndombolo mara moja, itakuchosha. Weka wimbo unaofanana na hali yako, kisha mwingine mwepesi kidogo, kisha mwingine. Wanaotunza watu kwa muziki wanatumia njia hii tangu zamani.

– Jipime kisha ya nyimbo tatu. Umekuwa mwepesi? Endelea. Umekuwa mzito zaidi? Zima, toka inje, tafuta mtu wa kuongea naye.

– Usichoshe dawa yako. Ule wimbo unaokuinua usiufanye mlio wa simu. Kisha ya mwezi utakuwa kelele kama zingine.

– Acha nafasi ya kimya. Watafiti wa Italia mwaka 2006 waliweka dakika mbili za kimya katikati ya muziki, wakaona moyo na pumzi vinatulia kwenye ile kimya kuliko hata mbele ya kuanza muziki.

– Punguza sauti ya ekuta. Sikio likiharibika kwa makelele, halirudi.

– Ukichagulia wengine, uliza. Ku basi, ku hospitali, ku matanga, wimbo wako si lazima uwe wimbo wa wote.

Na kama wimbo ao kelele fulani inakurudishia mambo ya vita ao ya maji, usingizi umepotea, na hali hiyo imepita wiki kadhaa, usibaki peke yako. Enda ku kituo cha afya, ongea na muganga ao na mtu unayemwamini. Muziki unasaidia, lakini hauwezi kubeba kila kitu.

Na yule mama?

Tulimwandikia kesho yake kumuomba samahani. Alijibu kwamba hakutukasirikia, na kwamba hawezi kukataza mji mzima usisikilize wimbo juu yake yeye. Alitaka kitu kimoja tu: ajue mbele, apate muda wa kupunguza redio.

Ni haki yake, na haitupotezei kitu. Kwa hiyo siku hizi, mbele ya kila wimbo wa zamani, tunataja jina lake na la mwimbaji, tunangojea kidogo, halafu tunaupiga. Wengine wanafikiri animatere anajionyesha ujuzi wake wa muziki. Sasa umejua zile sekunde ni za nani.

Na wewe msikilizaji, wimbo wako ni upi, na unakurudisha siku gani? Tuandikie ku namba ya emisyo. Kama uko na ule usiotaka kuusikia, tuambie pia.